Kazi ya Zimamoto

Maneno yaliyosomwa redioni na mwalimu wa chuo cha waalimu

 

Jioni moja, baada ya kazi za chuo, kijana mmoja wa Kisarawe alinijia nyumbani. Akabisha hodi, akaniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti kama afanyavyo mtu mwenye shauri zito. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na cheti chake kilikuwa cha kutosha, si kizuri sana wala si kibaya. Akasema, "Mwalimu, nataka kuwa askari wa zimamoto." Nikamwuliza, "Baba yako asemaje?" Akanyamaza. Kwa kule kunyamaza nikajua ya kuwa neno hilo lilikuwa limekwisha leta magomvi nyumbani.

Siku ya pili yake baba akaja mwenyewe. Ni mzee wa mikorosho, mtu wa heshima, asiyependa kupaza sauti. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeuza korosho miaka minne kumlipia huyu mtoto madaftari na sare na nauli. Je, nimemsomesha ili akashike mpira wa maji? Moto ukiwaka kijijini kwetu, sote tujao na ndoo ni wazima moto, wala hapana hata mmoja aliyekwenda shule kwa kazi hiyo. Tena ni kazi ya kufa."

Basi maneno ya mzee yalikuwa mawili: kwamba kazi hii haina elimu, na kwamba ni kazi ya kufa. Hili la pili lina ukweli ndani yake, nami sitalificha. Lile la kwanza halina ukweli hata kidogo. Nimeona vema kuyajibu yote mawili hapa mbele ya watu wengi, maana najua kwamba toka Kibaha hata Kisarawe mzee yule hayuko peke yake.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, nyumba ya jirani yetu ilishika moto usiku. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati juu, na moto ulianzia katika chumba cha nyuma mlimokuwa na magodoro ya sponji. Watu wote walitoka salama, akina mama na watoto wakakaa chini ya mwembe. Ndipo mwenye nyumba akakumbuka kasha lake la fedha, akarudi ndani. Tulimwona kwa macho yetu akiingia. Mlango wa mbele ulikuwa mzima, na sebuleni hamkuwa na moto, ila moshi tu. Hakutoka. Wanaume walimwaga maji na mchanga hata moto ukafifia, wakamkuta amelala hatua tatu kutoka mlangoni, na kasha liko mkononi mwake. Mwili wake haukuwa na jeraha la moto hata moja.

Mzee mmoja akasema kwamba amerogwa, na kijiji kizima kikaamini, maana nani amepata kusikia mtu kufa kwa moto pasipo kuungua? Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka niliposoma elimu ya sayansi. Jirani yetu aliuawa na moshi. Kitu kinapoungua mahali palipofungwa, hewa isitoshe, hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na damu ya mtu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikawa haina nafasi ya kuchukua hewa njema. Mtu huona kizunguzungu, miguu ikamlegea, akaanguka, asijue hata kwamba anakufa. Ni sumu ile ile iuayo watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, na milango imefungwa. Na katika nyumba ziunguazo, moshi na sumu zake huua watu wengi kupita miali yenyewe.

Sasa, angalieni jinsi askari wa zimamoto aingiavyo katika nyumba ile ile. Mgongoni amebeba mtungi wa hewa, na usoni amevaa barakoa isiyopitisha moshi. Haingii kwa kusimama, bali hutambaa, kwa kuwa moshi wa moto hupanda juu, na hewa iliyo nafuu hubaki karibu na sakafu. Mkono wake haiachi ukuta, ili apate kuifuata njia ile ile wakati wa kurudi, maana ndani hawezi kuona hata vidole vyake. Akifika penye mlango uliofungwa, huugusa kwanza kwa nyuma ya kiganja kuona kama ni wa moto. Kwa nini? Kwa sababu chumba kilichofungwa, ambacho moto wake umekosa hewa, huwa kama mtu aliyezuia pumzi. Mlango ukifunguliwa ghafula, hewa huingia, na moshi wenyewe huwaka kwa mshindo, ukamtupa mtu nje kama jani. Askari asiyejua jambo hili huuawa na mlango.

Je, hiyo si elimu? Wanafunzi wangu wa ualimu husoma ya kwamba moto una mahitaji matatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa. Ondoa kimoja, moto hufa. Wao huyaandika daftarini na kuyajibu katika mtihani, na wengi huyasahau. Askari wa zimamoto hana ruhusa ya kuyasahau. Yeye anajua kwamba maji huzima kwa kunyang'anya joto, na kwamba lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka kuwa karibu lita 1,700, kwa hiyo akimwaga vibaya ndani ya chumba chenye moto mkali, mvuke utamchoma yeye mwenyewe. Anajua kwamba petroli huelea juu ya maji, na atakayeimwagia maji ataisambaza tu. Dawa yake ni povu, lifunikalo kama blanketi. Anajua kwamba hapana kugusa moto wa umeme kwa maji mpaka umeme umekatwa. Na akina mama wanaonisikiliza, mafuta ya kukaangia yakiwaka jikoni, fanyeni kama afanyavyo yeye: zimeni jiko ikiwezekana, mfunike sufuria kwa kifuniko chake, muiache. Msiimwagie maji kamwe, wala msikimbie nayo nje.

Nitarudi nyuma kidogo, kwa kuwa kazi hii ina historia, na mwalimu hawezi kuacha historia ikampita. Katika mwaka wa 1824, mji wa Edinburgh huko Scotland uliunda kikosi cha zimamoto cha mji, ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza cha namna yake katika nyakati hizi zetu, na mkuu wake alikuwa kijana wa miaka 24 jina lake James Braidwood. Baba yake alikuwa mjenzi, naye mwenyewe alikulia katika kazi ya ujenzi. Basi alipotafuta watu hakutafuta wenye misuli tu. Alichukua waezekaji, maseremala, waashi na mafundi wa mabomba, maana mwezekaji anajua kutembea juu ya paa, na mwashi anajua ukuta utakaoanguka. Akawafundisha katika saa za giza, kwa sababu moto hauchagui mchana. Akawafundisha pia kuingia ndani na kulenga kiini cha moto, wasisimame barabarani na kurusha maji madirishani kama watu wamwagiao bustani. Baadaye akaitwa London kuongoza kikosi cha huko. Tarehe 22 Juni, 1861, ghala za Tooley Street zilipokuwa zikiungua, ukuta ukamwangukia, akafa.

Naona mzee wa mikorosho anatikisa kichwa, akisema, "Sikuwaambia?" Ndiyo, mzee wangu, uliniambia. Wala haikomi hapo. Mwaka wa 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliihesabu kazi ya zimamoto miongoni mwa mambo yaletayo saratani kwa wanadamu, kwa sababu ya moshi na masizi ambayo askari huyavuta na kuyabeba katika nguo zake mwaka baada ya mwaka. Kijana asiambiwe kwamba kazi hii ni magwaride na kofia za chuma. Lakini aambiwe pia kwamba hatari ijulikanayo hupunguzwa. Mtungi wa hewa uvaliwe mpaka mwisho, hata moto ukiwa umezimwa na moshi umebaki mdogo, nguo zifuliwe, zisichukuliwe nyumbani kwa watoto, mwili uoshwe. Jirani yetu hakuwa askari, hakujua lolote katika haya, naye alikufa kwa hatua tatu.

Hapa kwetu Tanzania, kazi ya zimamoto hapo zamani ilikuwa mikononi mwa halmashauri za miji. Kisha ikatungwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, na kwa sheria hiyo likasimama Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Lishikeni neno hilo la pili, uokoaji, maana watu wengi hulisahau. Mtoto akitumbukia kisimani, motokaa mbili zikigongana na dereva akabanwa kati ya vyuma, jengo likianguka kama lile la Kariakoo la Novemba 2024, mafuriko yakimkuta mtu juu ya mti, waitwao ni hao hao. Hata nyuki wakivamia watu huitwa wao. Tena huyakagua majengo kabla ya hatari, wakitazama milango ya kutokea, nyaya za umeme na vyombo vya kuzimia moto. Mimi niliye mwalimu naitazama kazi hii ya ukaguzi kwa moyo mzito. Mwaka wa 1994 bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, liliungua usiku, wakafa wasichana zaidi ya 40. Mwaka wa 2020 wakafa watoto 10 katika bweni la shule moja huko Kyerwa, mkoani Kagera. Tangu hapo, kila ninapoona bweni lenye nondo madirishani na mlango mmoja, silali vizuri. Nondo zile huwekwa kwa ajili ya wezi, na mwenye kuziweka hafikiri ya kuwa kiwazuiacho mwizi kuingia ndicho kimzuiacho mtoto kutoka.

Nije sasa nyumbani kwetu. Kibaha ni mji mkuu wa mkoa wa Pwani, kiasi cha kilometa 40 kutoka Dar es Salaam, nao umekaa juu ya barabara ya Morogoro. Simama Maili Moja asubuhi uhesabu malori ya mafuta yapitayo, yakitoka bandarini kwenda bara, mengine Zambia, mengine Kongo, mengine Rwanda. Kila moja limebeba maelfu ya lita. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la namna hiyo lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii. Watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, nayo ikalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100, wengi wao vijana. Ni makosa kuwacheka marehemu wale kwa kusema walikuwa na tamaa. Dumu moja la petroli ni chakula cha nyumba kwa siku kadha, na hapana aliyekuwa amewafundisha kwamba mvuke wa petroli hauonekani, kwamba hutambaa chini kama maji, na kwamba cheche moja tu yatosha. Askari wa zimamoto afikapo penye lori lililopinduka, neno lake la kwanza ni kwa watu, kabla ya moto: "Rudini nyuma!" Nao mara nyingi humtukana.

Kisarawe mambo ni mengine. Kule adui mkubwa ni moto wa porini. Tuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, yenye miti na viumbe ambavyo vingine havipatikani penginepo duniani. Pembeni yake kuna matanuri ya mkaa na mashamba yanayosafishwa kwa moto kabla ya mvua za vuli. Mtu huwasha majani mchana, upepo ukaja, akakimbia. Moto ukipata mlima hupanda mbio kupita unavyokimbia penye tambarare, kwa sababu miali huinamia majani ya juu na kuyakausha kabla haijayafikia. Kwa hiyo msisimame kamwe juu ya mlima mkiungojea. Na hasara ya shamba huja mapema kuliko watu wadhanivyo: mikorosho ikiunguzwa wakati wa maua, mti huweza kupona, lakini mavuno ya mwaka ule yamekwisha. Katika moto wa namna hii motokaa mara nyingi haifiki, njia hakuna. Watu hufyeka ukanda mpana mbele ya moto, wakaupiga kwa matawi mabichi, na kazi ya askari ni kuwapanga, kwa kuwa watu mia wasio na kiongozi hukimbilia mahali pamoja.

Sasa nitaligusa jambo lenye uchungu. Watu husema, "Zimamoto huja wamechelewa, tena hawana maji." Nami niliwahi kusema hivyo, tena kwa sauti. Siku moja nikakaa nikafanya hesabu ambayo nawapa watoto wa darasa la sita. Chukua motokaa iliyobeba lita 5,000. Mpira mmoja wa maji ukitoa lita 500 kwa dakika, maji yatakwisha kwa dakika kumi. Mipira miwili, dakika tano. Motokaa ilikuja na maji, maji yakaisha mbele ya macho yetu, nasi tukasema haikuja nayo. Ili ijazwe tena inahitaji bomba karibu, na bomba hilo aghalabu limejengewa kibanda juu yake, au halipo. Kisarawe ilikaa na shida ya maji kwa miaka mingi, hata mwaka wa 2020 maji ya Ruvu yalipofikishwa mjini. Na vijiji vya mbali bado vina visima vyake. Na kuchelewa je? Mara nyingi watu huanza kwa kupiga kelele, kisha wakapiga picha, ndipo mmoja akakumbuka simu. Namba ni 114, haina malipo. Anayepiga aseme moto uko wapi, unaunguza nini, na njia gani inapitika. Kuna sababu nyingine ambazo si za wananchi: motokaa ni chache na wilaya ni pana. Hayo nayasema wazi. Lakini kumpiga askari mawe hakumwongezei maji.

Basi kijana wetu afanye nini? Jeshi hutangaza nafasi zake hadharani, na kuomba ni bure. Katika matangazo ya miaka hii ya karibuni hutakiwa raia wa Tanzania, kijana, mwenye elimu ya kidato cha nne au zaidi, mwenye afya njema, asiyepata kuhukumiwa kwa kosa la jinai, mwenye cheti cha kuzaliwa, na aliye tayari kutumwa popote nchini. Wasichana huchukuliwa kama wavulana, na wamo kazini tayari. Wenye ufundi wana nafasi yao, kama madereva wa magari makubwa na mafundi wa namna mbalimbali. Kwa hiyo Braidwood angejisikia nyumbani. Mafunzo ya zimamoto yana chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Aanzaye huanza chini, kwa cheo cha konstebo, akala kwa zamu na kulala kwa zamu, wala sikukuu si yake.

Nilipokuwa nikimweleza mzee mambo haya, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kuna bwana mmoja ametuambia atamwingiza mtoto kazini. Anataka shilingi laki nane. Nilikuwa nafikiri kuuza kipande cha shamba." Nilishtuka. Kumbe yule mzee aliyeikataa kazi kwa kinywa alikuwa ameanza kuitafutia fedha kwa siri! Alikuwa anampenda mwanawe kuliko alivyotaka mwanawe ajue. Nikamwambia, "Mzee wangu, usimpe hata senti. Kazi ya serikali inayouzwa na mtu chini ya mwembe haipo. Atachukua laki nane, kisha atataka laki mbili za sare, kisha simu yake haitapatikana." Yaweza kuwa nililisema kwa ukali. Mzee alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaniuliza kama mti wa mkorosho ulioungua shina upande mmoja waweza kuzaa tena. Nikajua kwamba shamba halitauzwa.

Kijana ameandaa vyeti vyake, anangojea tangazo. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, namwona akipanda mlima wa Kisarawe mbio, na begani amebeba mfuko wa mchanga. Mchana anajifunza kuendesha lori. Baba yake hajasema ndiyo wala hapana. Ila juma lililopita nilipita kwao, nikaona katika ukuta wa ghala la korosho mtu ameandika kwa mkaa, kwa tarakimu kubwa za mkono usiozoea kuandika: 114. Nikauliza ni nani aliyeandika. Mzee akasema ni watoto.

Muda wangu umekwisha. Kwaherini.